Pointi za skrini na hukumu ya ngoma
Hoja kwamba mchezo wa video wa kufuatisha midundo unatosha kumfundisha mtu kupiga ngoma inahitaji kuwekewa mpaka, hasa kwa wasomaji wa Pongwe na ukanda mzima wa Tanga. Katika michezo kama Taiko no Tatsujin ya Japani (2001) na Rock Band ya Marekani (2007), alama za rangi hupita kwenye skrini, na mchezaji hupiga kidhibiti, yaani kifaa chenye umbo la ngoma kinachogeuza mtikisiko wa pigo kuwa ishara ya umeme, kisha programu hulinganisha wakati wa pigo na wakati uliopangwa na kutoa pointi. Zoezi hilo hunoa usahihi wa muda, na kwa kuwa kidhibiti cha Rock Band kina vibao vinne na pedali, hufundisha pia mikono na mguu kufanya kazi tofauti kwa pamoja.

Hata hivyo, mpigaji wa ngoma za pwani hubadili mapigo kwa kuwatazama wachezaji na kumsikiliza mwimbaji, jambo ambalo programu ingelihesabu kuwa kosa. Katika beni, ngoma ya mashindano iliyoiga bendi za kijeshi na kuenea pwani mwanzoni mwa karne ya 20, makundi ya Marini na Arinoti yalishindana kwa fahari ya sare, nyimbo na mvuto wa kundi zima, si kwa usahihi wa muda pekee. Kwa hiyo mchezo wa video unafaa kuwa zoezi la awali, mradi mwanafunzi apate baadaye kundi la kupiga nalo.