Ngeli si Jedwali la Kuzidisha

Huku Arua mwanafunzi akisema "kitabu yangu imepotea," atachekwa, ataambiwa hicho ni Kiswahili cha sokoni, kisha ataamriwa akae. Somo litaendelea na jedwali la ngeli ubaoni: A-WA, KI-VI, LI-YA, U-I, mpaka ubao ujae. Ataliandika, atalikariri, atafanyia mtihani. Akitoka nje ya lango atasema tena "kitabu yangu." Ndipo husikika lile lalamiko kwamba watoto wa West Nile hawawezi Kiswahili. Mimi nimezaliwa na kulelewa Mvara, sasa nasomea ualimu wa Kiswahili, na nasema wazi kwamba lawama hiyo imebebeshwa asiyestahili. Kilichoshindwa ni ufundishaji.

Tuanze na jambo ambalo vitabu nilivyosomea havikuligusa kabisa. Mtoto wa Masaka anayezungumza Kiganda husema "ekitabo kyange kibuze." Anapokutana na "kitabu changu kimepotea" anakutana na ndugu wa lugha yake. Ile ki iko pale pale, na ebitabo byange humpeleka moja kwa moja kwenye vitabu vyangu. Mtoto wa Mvara, kwa upande wake, anazungumza Kilugbara, lugha ya jamii ya Sudani ya Kati isiyo na ngeli. Mwenzake wa Koboko anazungumza Kikakwa, ambacho ni cha Kinailoti, naye hana ki wala vi kinywani mwake. Kwa watoto hawa, nomino kubadilisha kichwa chake halafu kulazimisha kivumishi na kitenzi vibadilike pamoja nayo ni jambo geni kabisa. Hata hivyo wote wanapewa jedwali moja, kwa mwendo mmoja, halafu aliyeanzia mbali anaitwa mzito.

Wala sikio lake si zito. Kilugbara hutenganisha maana za maneno kwa kupanda na kushuka kwa sauti. Mtoto anayesikia tofauti hizo tangu akiwa mgongoni mwa mama yake hashindwi kusikia tofauti ya ki na vi, mradi apewe nafasi ya kuisikia. Ubaoni haisikiki.

Na hiyo "kitabu yangu imepotea" yenyewe haikuokotwa njiani. Sikiliza watu katika soko kuu la Arua, au wafanyabiashara wanaopitia Vurra kwenda na kurudi Ariwara upande wa Kongo. Mara nyingi utasikia mtu anakuja, watu wanakuja. Lakini kiti imevunjika, viti imevunjika, mti imeanguka. Wenye uhai wanapata a- na wa-, vingine vyote vinapata i-. Hiyo ni sarufi. Ni finyu, lakini ina kanuni, na mtoto ameishika bila kufundishwa na mtu. Maana yake anaingia darasani akiwa tayari anajua kwamba kitenzi hufuata jina lake. Kazi ya mwalimu ni kuichukua hiyo i- na kuipasua polepole. Atoe kwanza KI-VI peke yake, akae nayo hata wiki mbili, kwa sababu ndiyo inayosikika waziwazi: kikombe changu kimevunjika, vikombe vyangu vimevunjika, kiatu hiki, viatu hivi, mpaka mdomo uzoee. Halafu aende kwenye mti umeanguka, miti imeanguka, ambapo mtoto atagundua kwamba ile i- yake ya sokoni ina makao halali kwenye wingi. Mtoto akiligundua hilo mwenyewe halimtoki tena.

Najua dharau hii ilikotoka. Kwa miaka mingi Kiswahili nchini Uganda kilihesabiwa kuwa lugha ya kambi na polisi. Wazee wengi wa kwetu walikipata jeshini, katika King's African Rifles, na Idi Amin alipokitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, jina la lugha likafungwa pamoja na jina la utawala wake. Leo karatasi zinasema mengine. Marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 yalikifanya lugha rasmi ya pili, na mwaka 2022 baraza la mawaziri likaamua kiwe somo la lazima katika shule za msingi na sekondari. Sheria imekimbia, darasa bado linamcheka mtoto kwa Kiswahili alichorithi kwa babu yake.

Msamiati nao umeharibiwa vivyo hivyo. Katika shule moja niliyosoma tulikaririshwa thureya ya nyota, bunda la noti, na majina ya watoto wa wanyama. Tulijua kwamba shibli ni mtoto wa simba, ingawa Mvara hakuna simba. Lakini kumwambia fundi kwamba mnyororo wa baiskeli umelegea, au kumweleza muuguzi kwamba mtoto anatapika tangu jana, hayo hayakuwa kwenye orodha. Sina ugomvi na shibli. Nina ugomvi na mpango unaomtanguliza yeye mbele ya mnyororo.

Darasani wapo pia watoto wa Kinubi, lugha iliyozaliwa na Kiarabu. Kitabu, sukari, sanduku, saa: mwalimu angewauliza tu maneno yao wangemjazia nusu ukurasa, na wangejiona wenyeji wa somo. Sijawahi kumwona anayeuliza.

Wapo wenzangu chuoni wanaosema tuachane na sarufi, watu wanaelewana. Sikubaliani nao hata kidogo. Kiswahili cha bei kinatosha kununua samaki. Hakitoshi kuandika barua ya kuomba kazi Arusha, wala kusoma mkataba, na sasa Sudan Kusini na Kongo zote zimo ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, milango iliyo karibu nasi kuliko Kampala. Anayemwachia mtoto "kitabu yangu" kwa huruma anamfungia nje sawa na anayemcheka.

Ninachotaka ni kitu kidogo. Kila mwanafunzi alete sentensi tano alizozisikia sokoni, kwenye stendi ya bodaboda au nyumbani. Ziandikwe ubaoni kama zilivyosemwa, bila kicheko. Pembeni darasa liandike Kiswahili sanifu, kisha lijadili kilichobadilika na kwa nini. Mjadala uwe kwa Kiswahili, maana kueleza ngeli kwa Kiingereza kipindi kizima ni sawa na kufundisha kuogelea kwenye kiti. Mwalimu atasema hana muda, mtihani unamsubiri. Lakini mtaala mpya wa sekondari ya chini, ulioanza mwaka 2020, umetenga asilimia 20 ya alama kwa kazi zinazofanyika shuleni na kupimwa na walimu wenyewe. Alama hizo hazihitaji ruhusa ya mtu kutoka Kampala. Kutoka Mvara hadi soko kuu ni mwendo wa miguu, na madaftari wanayo.