Hesabu za Darasa la Tano

Watoto wetu wa darasa la tano hapa Makobola wametutaka tuwaeleze yale waliyojifunza muhula huu, ndani ya darasa na nje yake. Twafanya hivyo kwa furaha, ingawa safari yao ya mwisho haikuwa ya furaha.

Kwanza tulishuka ziwani alfajiri, wakati wavuvi warudipo na ndagala na mikebuka. Watoto wakamwuliza mzee mmoja sababu ya kupumzika wakati wa mwezi mpevu. Akawajibu, "Wajukuu wangu, ndagala hufuata nuru ya taa. Mwezi ukiwaka, taa yangu ni nini tena?" Basi wakajua kwamba hata mvuvi asiyeshika kalamu husoma mbinguni.

Kisha tukapima kamba ya mita 10 mchangani. Ziwa Tanganyika, penye kina kirefu kupita pote, lina mita 1,470. Duniani ni ziwa Baikal tu la Urusi linalolishinda. Watoto wakapiga hesabu: yafaa kuunga kamba 147 ndipo jiwe lifike chini. Mmoja akauliza, "Mwalimu, Ruzizi inaingia kila siku, mbona ziwa halijai?" Tukawaonyesha katika ramani mto Lukuga, utokao ziwani penye Kalemie na kupeleka maji yetu katika mto Kongo, mpaka bahari ya Atlantiki. Lakini sehemu kubwa zaidi huvutwa na jua, ikapaa kuwa mvuke. Na mvua zikizidi, ziwa hujaa kweli, kama mwaka 2021, maji yalipoingia katika nyumba za watu wa pwani.

Safari ya pili tulikwenda makaburini. Watu wazima wajua habari yake; watoto hawakuwa wamezaliwa. Siku za mwisho za Desemba 1998 na za kwanza za Januari 1999, mara baada ya Noeli, askari waliwaua watu wa Makobola ya Pili na wa vijiji vya Bangwe, Katuta, Mikunga na Kashekezi. Taarifa ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2010 yasema waliokufa walipita 800. Tulisali sala ya marehemu, tukanyamaza. Ndipo msichana mmoja aliyekuwa akihesabu kwa vidole akasema, "Mwalimu, sisi tu 40. Hayo ni madarasa 20 kama letu." Hatukuwa tumempa hesabu hiyo. Njiani hakuna aliyeimba.

Kesho yake mama mmoja alitujia shuleni. "Mwalimu," akasema, "kwa nini mwatonesha vidonda? Mwawafundisha watoto kisasi." Hatukumdharau, maana yeye mwenyewe alifiwa siku zile. Lakini, ndugu wasomaji, mficha maradhi kifo humwumbua. Mtoto asiyeambiwa kweli na mzazi wake ataambiwa uongo njiani, na mwenye kumwambia huenda ana bunduki ya kumpa. Ndiyo sababu, watoto walipouliza ni nani aliyeua, tuliwajibu: walioua walikuwa watu wazima wenye silaha, na kila mmoja atajibu mbele ya Mungu kwa tendo lake. Mtoto wa jirani asemaye lugha nyingine hakuua mtu. Anayemlipiza yeye anaanza kaburi jingine.

Sasa kila mtoto amepewa daftari. Atawauliza wazee wa kwao majina ya marehemu wao, atayaandika kwa mwandiko mzuri, nasi tutayasoma pamoja katika mwezi wa Novemba, mwezi wa marehemu. Mama yule alikaa kimya kitambo. Kisha akauliza kama yeye pia aweza kuandikiwa majina manne, kwa kuwa hana mtoto katika darasa letu. Msichana yule mwenye hesabu akaleta daftari lake.

Enyi wazazi, watoto watakapowauliza, msiwafukuze. Wapeni majina.