Nani Kasema Kiko ni cha Mzungu?

Alasiri moja hapa Laare, saa ile ya kufunga miraa kwa majani ya migomba kabla pikapu hazijatoka mbio kwenda Nairobi, nilitoa kiko changu mfukoni nikaanza kukipangusa. Kijana aliyekuwa akichambua vijiti akaangua kicheko. "Mzee, umekuwa setla lini?" Wenzake wakamshangilia. Sikukasirika. Kicheko hicho nimekisikia miaka mingi, na leo nakijibu.

Imani yenyewe inajulikana: kiko ni kitu cha mzungu. Ni cha bwana shamba aliyekaa barazani, mbwa miguuni, akitazama kahawa ya watu ikichumwa. Mweusi akikishika anaigiza, na akivikusanya nyumbani kama mimi, basi amepotea kabisa. Niseme mapema kwamba sivuti. Tumbaku inaua, na viko vyangu havijawahi kuonja moto mikononi mwangu. Ninachokipenda ni umbo.

Tuanze na jina. Askofu Edward Steere, katika kitabu chake cha Kiswahili cha Unguja kilichotoka kwanza mwaka 1870, aliwakuta watu wa pwani na chombo chenye majina kila kiungo. Bori ndicho kikombe cha kutilia tumbaku. Digali ni mrija unaoteremka kutoka kwenye bori hadi majini. Shilamu ni mrija unaopeleka moshi mdomoni. Na chombo cha maji kilicho katikati, ndicho kiko hasa. Hata mlio wa maji yakibubujika ulikuwa na jina lake: malio ya kiko. Watu hawatungi jina la sauti ya kitu walichoazima jana. Najua shilamu lina harufu ya Bara Hindi, na sioni haya kwa hilo, kwa kuwa bahari yetu imeleta maneno mengi. Ila halikupitia London.

Serikali ilipopiga marufuku shisha Desemba 2017, nilisikia wasomi wakieleza kwamba moshi wa kupitia majini ni mtindo mpya wa vilabu vya Nairobi. Bibi wa Unguja wa karne ya kumi na tisa angewacheka kama nilivyochekwa mimi.

Sasa umbo. Kiko ninachokipenda kuliko vyote ni cha kibuyu, shingo imejipinda kama ya bata anayejikuna. Ukikionyesha popote, mtu atakwambia: hicho ni cha Sherlock Holmes, yule mpelelezi wa Kiingereza. Si kweli, na hapa ndipo ninapopandwa na hasira. Conan Doyle aliyemtunga alimpa kiko cha udongo, cha mzizi wa mti na cha mcheri. Cha kibuyu hakimo katika hadithi hata moja. Waigizaji na wachoraji ndio waliomtwika baadaye. Kibuyu chenyewe kilitoka Afrika Kusini, ambako wakulima hukipinda kingali kichanga shambani ili shingo ikue na mkunjo, kisha ndani ya mdomo wake hukaa kikombe cheupe cha jiwe jepesi, na uwazi uliobaki chini hupoza moshi. Kule bonde la Zambezi, wanawake wa Kitonga nao wana kibuyu chao cha shingo ndefu, chenye maji ndani. Kwa hiyo alama kuu ya upelelezi wa Kiingereza duniani ni boga la Kiafrika. Halafu mimi ndiye ninayeambiwa naiga!

Jiwe hilo jepesi nalo halihitaji kutafutwa mbali. Lipo Sinya, upande wa Tanzania, mkabala na Amboseli. Kampuni moja ya Arusha ililitumia kutengeneza viko vilivyouzwa ng'ambo, na chapa yake ilikuwa neno letu hilihili, KIKO, pamoja na tembo. Kilichoandikwa Tanganyika badala ya Tanzania huwa nakihesabu kuwa cha kabla ya jina la nchi kubadilika mwaka 1964. Ninacho kimoja. Mzungu aliyekinunua alikuwa akitamka Kiswahili kila alipokisoma.

Nikiri jambo. Wazee wengi wa huku kwetu Igembe niliowajua walikuwa wa ugoro, si wa kiko, na sitadanganya kwamba huu ni urithi wa Mmeru peke yake. Tumbaku yenyewe, bila shaka, asili yake ni Amerika. Lakini mahindi na maharagwe vilitoka hukohuko, na sijaona mtu wa Laare akisukuma sahani ya githeri akisema hicho chakula cha kigeni.

Wala nisiambiwe kwamba watu wetu hawana jicho la vitu kama hivi. Kijana yuleyule aliyenicheka huokota kijiti kimoja cha miraa, akatazama wekundu wake na urefu wake, akakwambia kimetoka mti mkongwe au mti wa juzi, na pengine shamba la nani. Jicho kama hilo halishindwi na mkunjo wa kibuyu. Limefundishwa tu kwamba hapo hapana cha kuona.

Na wakati halioni, wengine wanaona. Mwaka juzi mjane mmoja wa jirani alimuuzia mchuuzi wa vitu vya kale viko viwili vya marehemu mumewe, aliyekuwa amefanya kazi Mombasa. Alipewa pesa isiyofika bei ya kibunda kizuri cha miraa. Kimoja kilikuwa na bori la udongo lililochorwa kwa mkono. Nilichelewa kwa siku mbili.

Basi kama kuna kiko darini kwenu, usikitoe kwa mpita njia. Muulize mama au babu kilikuwa cha nani na kilinunuliwa wapi, andika kwenye karatasi, uifunge pamoja nacho. Ukiwa hukitaki nyumbani, jumba la makumbusho liko Meru mjini. Likifungwa, mlango wangu uko wazi, na chai ipo.