RAMANI YA INTANETI: TUULIZWE SISI TUNAOKAA HAPA

Ndugu wanaushirika wa mjini na wa shamba,

Leo ubao huu hausemi bei ya ndizi wala muhogo. Unasema ramani. Msidhani ramani ni kazi ya wanaskuli tu. Iko ramani inayoonesha wapi pana mtandao wa intaneti na wapi hapana, na fedha za kujengea minara hufuata hesabu ya ramani hiyo. Palipopakwa rangi pamehesabiwa pameshapata, na fedha zinapita zikenda kwengine. Sasa tujiulize: nani aliyepaka hiyo rangi?

Jawabu ni hili. Kampuni ya simu inajua mnara wake uko wapi, una urefu gani na nguvu gani. Kompyuta inapiga hesabu, inasema mawimbi yatafika mpaka pale. Basi pale panapakwa rangi. Hesabu hiyo si uongo, lakini si ushahidi. Kompyuta haikuingia chumba cha nyuma, haikuona ukuta wa mawe wala miembe, wala haikungoja saa mbili za usiku wakati mtaa mzima umo kwenye simu.

Hapa Mlandege minara tunaiona kwa macho. Kwenye rangi sisi tumo. Lakini muuza nguo akitaka kumpelekea mteja picha ya bidhaa, hutoka nje akasimama barabarani, simu juu, kama mtu anayetafuta mwezi wa Ramadhani. Ikiwa mjini ni hivi, ndugu zetu wa shamba na wa visiwa vidogo je?

Tuseme haki. Upo Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, ulioundwa kwa sheria ya mwaka 2006. Kazi yake ni kuyapa makampuni ruzuku yajenge pahala ambapo faida peke yake haiwapeleki. Tarehe 13 Mei 2023, pale Dodoma, ilitiwa saini mikataba ya minara 758 katika kata 713 zenye vijiji 1,407. Unguja na Pemba nako Mfuko umejenga. Hiyo ni kazi kubwa, na anayeibeza ana husuda. Lakini kila orodha ina waliomo na wasiomo. Ndani ya shehia moja kitongoji kimoja kinapata na chengine hakipati, na karatasi inaandika shehia nzima imepata. Waliorukwa hungoja mpaka mbunge wao asimame Bungeni kuomba mnara. Na mwenye mbunge mkimya afanye nini?

Msidhani haya ni ya nchi maskini tu. Marekani kwa miaka mingi walihesabu hivi: nyumba moja ikiweza kupata intaneti, mtaa wake wote uliandikwa umepata. Nyumba moja tu! Sheria ya mwaka 2020 ikalazimisha ramani mpya. Novemba 2022 ikatoka, nyumba kwa nyumba, na mwananchi akapewa haki ya kuipinga: hapa mmesema upo, mie nasema haupo, njooni mtazame. Mwaka 2023 ndipo mpango wa dola bilioni 42.45 ulipogawiwa majimbo kwa kufuata ramani hiyo. Aliyenyamaza alibaki vile vile alivyoandikwa.

Wako wanaosema: waachieni wataalamu, mwananchi akiulizwa atasema hana. Nawajibu: mtaalamu anajua mnara, mie najua chumba changu. Mkiogopa kuwa tutasema uongo, njooni mpime mbele ya sheha, simu mkononi. Mwenye mizani ya haki haogopi mzigo kupimwa mara ya pili.

Wengine husema: Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA) imetoa asilimia ya watu waliofikiwa, nayo imepanda, mnalalamikia nini? Tuisome vizuri hiyo asilimia. "Kufikiwa" ni kuishi palipohesabiwa kuwa na mawimbi. Si kusema kwamba picha inafunguka, wala kwamba unayo fedha ya bando. Sisi wa madarasa ya kisomo tunalijua jambo hili. Asiyejua kusoma husomewa barua yake, na anayemsomea akitaka huruka mstari. Ramani hii ni barua yetu. Tusikubali kusomewa nusu.

TUNATAKA MAMBO MATATU:

1. Kabla orodha yoyote ya ruzuku kupitishwa, ramani na orodha zibandikwe kwa sheha siku 30, kwa Kiswahili.

2. Pingamizi la mwananchi lipokewe na lijibiwe kwa maandishi.

3. Hesabu ifanywe kwa kitongoji, si kwa shehia nzima.

Na sie tufanye letu. Kunung'unika barazani si pingamizi. Ofisi ya ushirika imeweka daftari. Kila mwanachama aandike: pahala, siku, saa, laini ya kampuni gani, na kitu gani kilichoshindikana. Asiyejua kuandika aje vile vile, ataandikiwa na atasomewa kila mstari aliousema. Daftari litakwenda kwa sheha, na nakala kwa TCRA Zanzibar na kwa Baraza la Watumiaji wa Huduma za Mawasiliano.

Wala tusione haya kudai. Makampuni yenye leseni huchangia Mfuko huo, na fedha za makampuni zinatoka wapi kama si kwetu tunaonunua bando? Mlipaji ana haki ya kuuliza.

Barua isiyoandikwa haijibiwi. Njooni tuandike.

Katibu wa Tawi,
Mlandege