Baiokemia si Kimbilio la Waliokosa Udaktari

Katika nyumba nyingi za Tanzania, na Majengo ya mjini Mpanda miongoni mwazo, kijana akifaulu vyema masomo ya sayansi hutajiwa kazi moja tu: udaktari. Akichaguliwa kusomea baiokemia ya seli na molekuli, jamaa humpa pole. Fikra hiyo haina budi kusahihishwa, na aliye na nafasi njema ya kuisahihisha ni mwalimu wa sekondari.

Uchukuliwe mfano wa ugonjwa wa selimundu. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi zaidi wanaozaliwa nao. Mtoto hulia kwa maumivu ya mifupa na kupungukiwa damu, na majirani hunong'ona habari za uchawi. Daktari humtuliza, lakini kiini cha maradhi kilifichuliwa maabarani. Mwaka 1949 Linus Pauling na wenzake, huko Marekani, walionyesha kuwa himoglobini ya mgonjwa hutofautiana kwa chaji ya umeme na ya mtu mwenye afya. Mwaka 1957 Vernon Ingram, wa Cambridge, alibainisha kwamba katika mnyororo wa asidi amino 146, ni ya sita pekee iliyobadilika: mahali pa asidi ya glutamiki pamekaa valini. Kwa badiliko hilo dogo, himoglobini iliyoachia oksijeni hushikamana, seli hupinda mfano wa mundu na kuziba mishipa midogo. Naye Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alionyesha mwaka 1954 kwamba aliyerithi kasoro hiyo kwa mzazi mmoja tu hupata kinga dhidi ya malaria kali.

Basi hapana uchawi. Pana urithi wa wazazi wawili. Mwaka 2023 Uingereza na Marekani ziliidhinisha tiba ya kuhariri jeni za seli za uboho. Nchini Marekani bei yake ni zaidi ya dola milioni 2 kwa mgonjwa mmoja. Mkulima wa Katavi ataipata wapi, iwapo taifa halina wataalamu wake wa kutafuta njia nyepesi?

Somo hili ni gumu. Lataka kemia, hesabu na subira, na anayekariri majina ya vimeng'enya bila kuuliza kazi yake atashindwa. Mwalimu na aanze na mtoto anayeumwa, kisha aje kwenye fomula. Wahenga walisema mwiba hutokea ulipoingilia. Na mwiba huu uliingilia katika molekuli.