TAARIFA YA TAWI: VIJANA WETU WANAOTAKA KWENDA POLISI



Kila Jeshi la Polisi linapotangaza nafasi, simu za viongozi wa tawi hazipumziki. Mzazi huyu anaomba kimemo, yule anaomba tumtafutie "mkubwa" wilayani. Tulimalize leo: tawi halina kimemo. Maombi anatuma kijana mwenyewe kwenye mfumo wa ajira wa Polisi mtandaoni. Barua ya utambulisho inatoka kwa Mtendaji wa Mtaa, naye hapaswi kuuliza una kadi ya chama gani. (Akiuliza, tuambieni.)

Anayewaambia ipo "njia" na kutaja laki kadhaa ni tapeli. Mzee mmoja wa tawi hili aliuza bodaboda yake akampa mtu wa namna hiyo. Simu ya huyo mtu haipatikani mpaka leo, na jina la kijana halikuonekana hata kwenye orodha ya usaili. Bodaboda hiyo ndiyo iliyokuwa ikimsomesha mdogo wake.

Kijana anayetaka kazi hii aanze na karatasi zake sasa, asisubiri tangazo. Majina kwenye cheti cha kuzaliwa, cheti cha kidato cha nne na kitambulisho cha NIDA yafanane. Juma kwa huku na Jumaa kwa kule ni tatizo, na kulirekebisha si kazi ya siku mbili.

Wengine wanapitia JKT kwa kujitolea, miaka miwili. Ni njia nzuri, lakini JKT yenyewe husema wazi kwenye matangazo yake kwamba haiahidi ajira. Aende akijua hivyo, na ashike ufundi au kilimo atakachofundishwa huko.

Akichaguliwa Polisi ataenda depo, Moshi. Akimaliza ni Konstebo, na anaweza kupangiwa mkoa wowote. Akibahatika kurudi Dar es Salaam, asitegemee sinema: ni lindo, doria ya usiku, na kuandika maelezo ya mama aliyechomolewa simu kwenye daladala la Mbagala. Huyo mama ndiye kazi yenyewe. Akisikilizwa vizuri, mtaa mzima utajua.

Sasa suala la kadi, ambalo wengi hawalipendi. Ibara ya 147 ya Katiba inakataza askari polisi kujiunga na chama chochote cha siasa. Haki ya kupiga kura inabaki, kadi hapana. Kwa hiyo kila kijana wetu anayechukuliwa, tawi linapoteza mtu, na mara nyingi ni yule mchapakazi anayepanga viti na kubaki kufagia baada ya mkutano. Inauma. Aipokee kadi hiyo Katibu bila kinyongo, na jina litoke kwenye daftari siku hiyo hiyo, na kwenye kundi hili pia.

Tumesikia wanaosema, "Afadhali, sasa tutakuwa na mtu wetu kituoni." Hatutakuwa naye. Mkimpigia usiku amwachie mwanachama aliyekamatwa, mnamweka kijana kwenye hatari ya kufukuzwa kazi, na mnamfundisha kwamba dhamana ni ya wenye namba yake. Mwaka kesho namba hiyo watakuwa nayo wengine, na ndani atakuwa mtoto wako. Mwanachama akikamatwa, viongozi wa tawi wataenda kituoni mchana kweupe, wataingia mlango wa mbele na kuuliza kosa lake ni lipi na masharti ya dhamana ni yapi. Konstebo atakayekuwa kaunta, hata kama tulimlea sisi, atujibu kama anavyomjibu mtu mwingine yeyote.

Jumamosi saa 10 jioni, ofisi ya tawi: vijana waje na vyeti vyao halisi na nakala. Mwalimu mmoja mstaafu amejitolea kuwaelekeza namna ya kuandika barua ya maombi. Hakuna malipo. Wasio wanachama nao waje.

Katibu Mwenezi wa Tawi