Nani Kasema Fidla ni ya Pwani?

Wapo miongoni mwa mashabiki wa taarab, tena si wachache, waaminio kwamba sikio la fidla huzaliwa karibu na maji ya chumvi. Mtu wa bara, wasema, apewe ngoma yake; fidla ataijulia wapi? Na wakiambiwa kwamba Igogo, kule Mwanza, katika nyumba zilizopandana baina ya majabali juu ya bandari ya Mwanza Kusini, aweza kuwapo mtu akeshaye na santuri kongwe za fidla ya Kizungu, azisikilizazo kwenye simu yake, hucheka mara mbili: kwanza kwa Igogo, kisha kwa Uzungu.

Kicheko hicho hakina mashiko. Fidla ni mgeni hata Unguja. Ilitoka Ulaya, ikapokewa Misri, na ikaingia visiwani pamoja na taarab, ambayo klabu yake kongwe, Ikhwani Safaa, iliasisiwa mwaka 1905. Aliyemkaribisha mgeni jana hawezi kumzuilia jirani kwa hoja ya nasaba. Isitoshe, ukanda wa ziwa unao uta wake. Wajaluo wana orutu, Waganda wana endingidi, zote za uzi mmoja. Aliyekua akiisikia orutu ikimfuata mwimbaji neno kwa neno hahitaji mwalimu wa pwani wa kumweleza kwamba uzi ukisuguliwa husema.

Hoja yao ya pili ina uzito kidogo: kwamba santuri hizo zimechakaa, zina mkwaruzo kama mvua juu ya bati, na rekodi mpya safi zimejaa tele. Basi na itazamwe santuri moja. Mwaka 1932, mjini London, Yehudi Menuhin, kijana wa miaka 16, aliipiga koncheto ya Edward Elgar, na mtunzi mwenyewe, mzee wa miaka 75, ndiye aliyeongoza okestra. Koncheto ni tungo ambayo ndani yake fidla moja husimama mbele ya kundi zima la wapigaji, mara ikijibizana nalo, mara ikiachwa pekee. Mpenzi wa ngonjera atalielewa jambo hili upesi kuliko wengi. Upande mmoja wa sahani ulibeba dakika nne na kidogo tu, ilhali tungo yenyewe inakaribia dakika 50. Ikagawanywa vipande zaidi ya 10, na kila kipande kikapigwa mfululizo hadi mwisho wake, maana hapakuwa na ufundi wa kukata na kuunga makosa baadaye. Kinachosikika ni watu walio katika hatari ya kukosea, wakiwa hawana pa kujificha. Rekodi safi za leo zaweza kushonwa kutoka vipande vya siku tatu. Usafi ni jambo jema kwa vyombo vya mezani.

Kampuni iliyotoa santuri hiyo, ile ya alama ya mbwa asikilizaye gramafoni, ndiyo iliyomrekodi Siti binti Saad Bombay mwaka 1928, naye akibanwa na dakika hizo hizo chache za sahani. Shaaban Robert aliandika wasifu wake, nao husifiwa na watu ambao sauti yenyewe hawana subira ya kuisikiliza, kwa sababu, eti, ina mkwaruzo.

Tena msikilizaji wa Igogo ana anasa nyingine: kulinganisha. Koncheto ya Sibelius huanza na fidla ikipanda peke yake juu ya mnong'ono wa nyuzi nyingine. Jascha Heifetz aliirekodi London mwaka 1935. Kwake sauti hiyo ni wembe, baridi, bila kusihi mtu. Ginette Neveu, Mfaransa, aliirekodi mji huo huo mwezi Novemba 1945, vita vikiwa vimekwisha miezi michache nyuma, akiwa na miaka 26. Hapo kila noti inachomwa hadi ndani. Alikufa katika ajali ya ndege huko Azores tarehe 28 Oktoba 1949. Ni tungo ile ile, mizani ile ile. Walioghani ndio wawili. Hili watu wa visiwani walilijua zamani, walipokuwa wakibishana usiku kucha ni nani aliyelitendea haki shairi fulani.

Walipokuwa. Maana tangu miaka ya 1990 taarab ya kisasa imeziondoa fidla ikaweka kinanda cha umeme kiigizacho nyuzi, na ndiyo taarab inayopigwa kwa wingi zaidi katika baa na harusi za Mwanza. Waliobaki na fidla, kama Ikhwani Safaa na Culture Musical Club, hawasikiki huko hata kwa nusu ya kelele hiyo. Pwani imewapelekea watu wa ziwani kivuli cha fidla, kisha inawasuta kwamba hawaijui fidla. Mtu wa Igogo aliyekwepa kivuli hicho akaenda kwa Neveu ana kosa gani? Na hao wamchekao, ni lini mara ya mwisho walipoisikiliza santuri moja ya Siti, pande zote mbili, bila kuikatiza?